Mawingu Niliyoyahesabu Nikiwa Nimeketi

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya sabini ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki.

Nilikuwa kijana katika kituo cha hali ya hewa, Nakuru. Kila saa tulitoka nje, tukageuka pande zote nne, tukakadiria mawingu yamefunika sehemu ngapi za anga kati ya nane, tukaandika. Picha za setilaiti zilikuwa zimeanza kutufikia kutoka Nairobi, na hesabu zetu za chini ndizo zilizotumika kuzikagua. Mimi, mjuaji, nikaona kutoka nje ni kazi ya washamba.

Alasiri hiyo kulikuwa na baridi. Nikanakili mawingu ya picha ya asubuhi: mbili kwa nane. Yaani picha ikajitolea ushahidi yenyewe! Nikachungulia dirishani, na upande wa ziwa kulikuwa kweupe.

Ndugu yangu Karanja akapita na punda, ametoka kuuza maziwa mjini, anarudi kwetu Dundori.

"Mvua iko? Nataka kukatiza pale mtoni, ni karibu."

"Pita tu. Siku hizi sisi tunaona kutoka juu."

"Haya, daktari wa mawingu," akanitania, akaenda.

Kumbe upande wa Dundori, nyuma ya ukuta wangu usio na dirisha, mawingu yalikuwa meusi tititi. Hatua kumi tu nje ningeyaona. Mto ulifurika kwa ghafla, ukamchukua Karanja. Tulimpata siku ya pili, chini sana, punda hatukumpata kabisa.

Niliporudi kazini nilitaka kuifuta ile mbili. Mzee Otieno, mkubwa wa kituo, niliyemweleza yeye peke yake, akanishika mkono.

"Wacha hivyo. Ukifuta, utakuwa umedanganya mara mbili." Kisha akasema polepole, "Picha ilikuwa ya asubuhi, kijana. Ndugu yako alikuuliza ya alasiri."

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye. Mama yetu alikufa hajui nilimwambia nini mwanawe. Niliogopa.

Mwanangu, wewe unayesomea setilaiti, mitambo yako itapima mawingu na hata hewa tusiyoiona. Iheshimu. Lakini usiandike usichokiona, na kabla hujamwambia mtu "pita", inuka utoke nje, uangalie pande zote nne. Na ukikosea, sema mapema, kabla anayepaswa kuambiwa hajazikwa.

Mungu akupe macho makali na miguu isiyo mivivu, na akuepushie siri kama yangu.