Pijo ya Marehemu Mwai

Mume wangu Ngatia ni fundi wa waya za magari hapa Nyeri, na ni mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, lazima arudi kuujaribu. Akitengeneza honi ya mtu, atashinda ametega sikio barabarani kusikia kama inalia. Mimi nauza chai na mandazi langoni mwa gereji, kwa hivyo wasiwasi wake naula asubuhi, mchana na jioni. Lakini sijapata kumwona kama alivyokuwa wiki ile ya Pijo.

Ilikuwa Peugeot 505 ya zamani, ya injekisheni, mali ya marehemu Mwai, mwalimu wa kule Othaya. Mjane wake, Wangechi, aliileta Alhamisi ikivutwa kwa kamba. Jumamosi binti yao Waithira alikuwa anaolewa, na alikuwa amekataa katakata gari la kukodi.

"Baba alisema atanipeleka kanisani na hii gari," alituambia. "Yeye hayuko. Gari iko."

Wangechi mwenyewe alikuwa ameipaka rangi nje na ndani ya boneti, kila pembe, kwa buluu iliyobaki ya geti. Kwetu huku rangi ya geti haitupwi. Alikuwa na fahari nayo, na kusema kweli ilipendeza.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kuudhi. Ikiwa baridi inawaka mara moja na kunguruma vizuri. Ikishapata joto, inazima. Ukingoja ipoe, inawaka tena kama haijakukosea kitu. Ngatia akapima moto wa plagi, akaukuta. Pampu ya petroli ilikuwa inavuma. Akabadilisha relei, ile swichi ya umeme, akaipeleka barabara ya Othaya kuijaribu, ikamzimia mlimani. Alirudi kwa miguu, amelowa manyunyu.

"Kula mandazi basi," nikamwambia.

"Nikila, itawaka?"

"Na usipokula, itawaka?"

Hakucheka. Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka blanketi lote likawa lake.

Ijumaa akaunganisha taa yake ndogo ya kupimia kwenye waya za injekta, ile inayonyunyiza petroli ndani ya injini, akanipa nishike. Injini ilivyokuwa ikinguruma, taa ilipepesa. "Tabby, usiondoe macho hapo," akasema, na wateja wangu wako pale wanagonga meza kwa vikombe. Joto likapanda. Taa ikaacha kupepesa, na papo hapo injini ikafa.

"Kompyuta yake ndiyo haitumi kitu," akasema. Kompyuta ya gari la umri ule utaitoa wapi, na harusi ni kesho? Nilimwona akilini yule msichana na gauni lake kando ya barabara, boneti iko wazi, na kwaya inangoja kanisani.

Nikamkaripia. "Mpigie Wangechi simu umwambie imekushinda. Watafute gari nyingine mapema. Utamwaibisha mtoto wa watu."

"Wacha nipime ardhi kwanza."

Ardhi, kwa mafundi wa waya, ni pale waya unaporudisha umeme kwenye chuma cha gari. Isiposhika vizuri, hata kompyuta nzima kabisa itafanya kazi kwa kubahatisha. Akafungua bolti ya ardhi ya kompyuta, kando ya injini. Chini ya waya palikuwa na rangi ya buluu, mpya, nzito, yenye alama za brashi. Mtu alikuwa amefungua bolti ile, akapaka vizuri, akaifunga tena. Chuma kilikuwa kinagusana kwa kubahatisha tu, na joto likija kinaachana.

Nikakumbuka ile rangi ya geti.

Alipasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga bolti, akaenda hadi Othaya na kurudi. Alifika gerejini gari likiwa moto na bado linanguruma, naye akaendelea kukaa usukani, anaogopa kulizima.

Jumamosi aliendesha yeye, amevaa suti, bisibisi mfukoni. Mimi nilikaa mbele, Waithira na mama yake nyuma. Tukafika mlimani, pale ilipomzimia. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Ikapanda, ikapita.

"Shida ilikuwa nini?" Wangechi akauliza.

"Kutu kidogo, mama," Ngatia akajibu bila kugeuka.

Tulipofika kanisani, mimi nikabaki namnyooshea Waithira shela. Ngatia, hana dawa huyu, akafungua boneti kukagua. Wangechi akamfuata. Akaliona doa lile la chuma kitupu katikati ya rangi yake, akaliinamia.

"Hii si kutu," akasema.

Ngatia akarudisha bisibisi mfukoni.

"Mwai alikuwa anapaka hii gari kila Krismasi, na kila Krismasi anaacha hapa bila rangi. Nilimgombeza miaka yote. Nikamwambia ni uvivu, ananiaibisha mbele ya watu. Alikuwa anacheka tu." Akaweka kidole juu ya chuma, kikiwa bado moto, na hakukiondoa. "Nilisema safari hii nimmalizie kazi."

"Mami, wanatungoja," Waithira akaita.

"Nakuja," akasema. Kisha akamgeukia Ngatia. "Hapo usiparudishie rangi."