Makofi ya Bonde la Murungu

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Darasani nilifundisha nikizunguka, nyumbani nakunywa chai nimesimama. Kwa hiyo mwenyekiti wa chama chetu aliponiomba niketi niandike historia ya chama kwa ajili ya maadhimisho ya kuanzishwa kwake, nilimwambia amekosea mlango. Akacheka. Akasema waasisi wengine walihamishwa au wametangulia mbele za haki, nimebaki mimi, na katibu nilikuwa mimi. Akaniachia sanduku la bati lililojaa makaunta buku, akawasha pikipiki yake huyo akaenda. Yeye ni bwana shamba, kijana. Alipofika Kibondo sisi tulikuwa tumeshachoka.

Chama tulikianzisha walimu wanne na daktari wa zahanati, wote watu wa kuja. Hakuna aliyetutuma. Tulikuwa tukikutana baada ya kazi kulalamika kwamba nchi haiendi, mpaka siku moja daktari akasema kulalamika sasa basi, tuanze na hapa tulipo. Tukafundisha watu wazima kusoma, tukachimba vyoo, tukapanda miti. Nilikuwa binti mbichi kutoka Singida, sijamaliza hata mwezi Murungu, na niliamini kabisa kwamba nikilala mchana taifa litachelewa.

Tulichojivunia kuliko vyote ni kitalu cha miti. Miche yake utaiona shuleni, utaiona zahanati, utaiona kando ya barabara mpaka Kakonko. Kitalu kilihitaji maji, na bonde lenye kijito cha uhakika lilikuwa la mjane mmoja aliyelima humo maharage wakati wa kiangazi, wenzake wakiwa wanasubiri mvua. Tukaitisha mkutano wa kijiji, daktari akaeleza faida za miti, na mimi nikaandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu wa kujidai: "Mama mwenye bonde alijitokeza mbele akapiga makofi kwa furaha. Wajumbe wote wakampigia. Bonde likapokelewa kwa shangwe."

Niliisoma tena sentensi hiyo nikajipongeza. Kilichobaki ni kumpata huyo mama aongeze neno lake, kitabu kinoge. Nikachukua bodaboda mpaka Murungu.

Nilimkuta juu mlimani, kwenye changarawe, anamenya muhogo. Sasa ni bibi. Aliponiona alisogea, akachuchumaa, akakutanisha viganja taratibu, mara kadhaa, akasema mwakeye, akatulia akisubiri. Nami nikainama nikapiga makofi yangu kumjibu, kama wanavyosalimiana Waha wote asubuhi. Nimeishi huku umri mzima, mikono yangu inafanya yenyewe bila kuniuliza.

Tukaulizana habari za nyumbani, nikafungua daftari nikamsomea ule muhtasari. Nilisoma kwa madaha, kama mtu anayempelekea mwenzake zawadi. Nilipomaliza aliendelea kumenya muhogo mpaka ukaisha mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikutoa bonde. Nilikuwa naomba kusema."

Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba mwanamke aliyefiwa na mume hasimami tu mbele ya wanaume na wageni akafungua mdomo. Anakwenda mbele, anachuchumaa, anapiga makofi ya heshima, anasubiri wamjibu, ndipo anasema. Yeye alikuwa amejiandaa kusema kwamba bonde lile ndilo linalolisha wanawe, kitalu kitafutiwe mahali pengine. Akapiga makofi yake. Sisi tukaruka juu tukampigia makofi ya kwetu, tukamshangilia, daktari akamshika mkono akamshukuru na kumwambia akae. Kesho yake majembe yakaingia bondeni.

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakuniambia. Nimefundisha watoto wake. Nimekula kwake.

"Mkutano mzima ulishanishukuru," akasema. "Ningeanzaje?"

Halafu akaniambia historia niandike nitakavyo, yeye hana shida na historia. Anachotaka ni bonde lake. Magoti yameshindwa na mlima, na amesikia matofali yameshushwa bondeni, chama kinajenga ukumbi. Ukumbi ukisimama, basi tena.

Ni kweli. Jiwe la msingi lilikuwa liwekwe siku hiyohiyo ya maadhimisho.

Nilirudi nyumbani, hapakukalika. Nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikuwa najikasirikia mno, kwa sababu zile desturi nilizijua ndani ya mwaka wangu wa kwanza tu. Nilizijua, nikazifuata, nikazifundisha kwa walimu wapya, na hata siku moja sikurudi nyuma kujiuliza yule mama alikuwa akipiga makofi ya nini. Sikurudi kwa sababu kitalu kilikuwa kizuri. Huo ndio ukweli wangu na sina mwingine.

Siku mbili baadaye nilikwenda Kasulu kuchapisha kitabu. Binti wa steshenari alipofika kwenye sentensi ya makofi nikamwambia futa. Akafuta. Nikafikiria matofali, nikamfikiria mwenyekiti, chama chetu kilivyotajwa mpaka redioni, nikamwambia rudisha. Akarudisha. Nikasema futa. Yule binti akaacha kuchapa akanigeukia.

"Madam, amua moja. Watu wapo foleni."

Kweli nyuma yangu palikuwa na watu, na mmoja, mama wa Kikongo kutoka kambini Nyarugusu mwenye barua yake mkononi, alikuwa ananitazama kwa huruma. Niliamua nusu. Nikaacha pengo la mistari mitatu, nikalipa nikaondoka. Woga tu.

Siku ya maadhimisho tulikaa bondeni, miche pande zote, matofali yamepangwa nyuma yetu. Wageni walikuwa wengi, walimu wapya na maofisa kutoka wilayani, viti vya plastiki havikutosha. Wazee wa kijiji walikaa mbele. Bibi alikuwa mwisho kabisa, chini, miguu ameinyoosha. Nilikuwa nimepita kwake asubuhi kumwambia kwamba nikifika kwenye habari za bonde nitanyamaza. Sikumwahidi zaidi ya hapo.

Nikasoma. Nikafika kwenye pengo, nikanyamaza. Bibi akainuka kwa taabu, akaja mbele, akachuchumaa, akapiga makofi yake taratibu.

Na wageni, haki ya Mungu, wakaanza kumpigia. Wakashangilia. Mwenyekiti mwenyewe akasimama mkono mbele, uso umejaa tabasamu, tayari kumshukuru. Nikaona miaka yangu yote ikitaka kujirudia mbele ya macho yangu.

"Acheni!" nikapaza sauti. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Anaomba kusema. Mara ya kwanza alipoomba niliandika kwamba ametoa."

Wazee wawili wa mbele wakamjibu kwa makofi madogo ya desturi, naye akasema. Hakusema mengi. Bonde ni langu, sikulitoa, nalitaka nilime.

Mwenyekiti aliwageukia wale wazee akawauliza kama walijua. Mmoja akamjibu bila kuinua kichwa kwamba walijua siku ileile, ila walidhani serikali imeshaamua. Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Serikali yenyewe ilikuwa ni sisi, walimu wanne na daktari, tusio na hata mhuri.

Kijana yule aliyatazama matofali. Nilimwonea huruma, maana aliyahangaikia mwenyewe. Kisha akasema ukumbi utajengwa uwanja wa shule, miche ihamishwe kabla ya kiangazi, bonde lirudi kwa mwenyewe. Akaniambia niandike hivyo kwenye muhtasari, sasa hivi, mbele ya wote. Nikaandika, na nikamsomea bibi kila neno kabla sijaweka nukta.

Watu wakafurahi. Nikaona mikono inainuka bonde zima. Bibi akaiona pia, akainua kiganja chake.

"Msipige," akasema. "Mkinipigia tena, sijui nitakuwa nimetoa nini."

Tukabaki tumekaa pale, wanachama na wageni, mikono imeganda hewani, hakuna aliyejua aiweke wapi.