Laptopu ya Mama Bisibisi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu aliamka akaikuta laptopu imezimika chini ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Alikuwa ameiacha ikihamisha vitu vyote kutoka diski yake ya zamani kwenda diski mpya, iliyounganishwa pembeni kwa waya. Alipokwenda kulala akaifunika, kwa mazoea. Ikapata joto, ikajizima kazi haijafika nusu.

"Nimemfunika blanketi mgonjwa wa homa," akasema, akaketi.

Miaka yake yote ya kazi alichapa barua ofisini, na kila jioni aliifunika mashine yake ya chapa. Kompyuta zilipoingia hakuziogopa. Fundi akija kuzifungua, yeye alisogeza kiti atazame. Mwishowe ofisi nzima ikamwita Mama Bisibisi. Alipostaafu wakampa laptopu hii, ilikuwa ya kutupwa. Mimi nilikuwa fundi baiskeli. Nilimtania kwamba chombo chake hakina hata mnyororo. Akanijibu kwamba changu hakina akili.

Laptopu ilikuwa imechoka. Binti yetu, anayeishi mbali, alikuwa amejifungua. Simu yetu ni ya vitufe tu, haioneshi mtu, na kwenye laptopu kila tulipompigia, sura ya mjukuu iliganda mdomo wazi. Mkwe akataka kutununulia mpya. Mke wangu akakataa, akasema vidole vyake vimezeeka pamoja na herufi zile. Akanunua memori kubwa zaidi na hiyo diski. Memori aliipachika yeye, mimi nikishika tochi na kulinda skrubu kwenye kisosi.

Sasa binti alikuwa ameahidi kutuonesha mtoto jioni hiyo. Basi tukaanza upya. Akaiweka laptopu juu ya vijiti viwili ipate hewa chini, tukapokezana kuipepea kwa mfuniko wa sufuria. Jirani akachungulia dirishani, akauliza tunachoma nini. Mke wangu akamwambia anamchoma mzee, ila nyama ngumu.

Mchana kazi ikaisha. Akaipindua, akachomoa diski ya zamani, akaingiza mpya, akakaza skrubu moja moja. Alipobonyeza kuiwasha nilimwona amefumba macho. Ikawaka kabla hajayafumbua.

Kesho yake hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Mimi sina la kuongeza.

Jioni ile ndiyo niliyobaki nayo. Mtoto alitokea, akapiga mwayo, na mwayo ukaenda mpaka mwisho bila kuganda. Mke wangu aligusa kioo kwa kidole, polepole, kama anayepima maji ya kumwogeshea. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni, maana naona haya mbele ya vyombo hivyo. Akageuka, akaninyooshea mkono.

"Sogea, baba watoto, akuone na wewe. Asije akadhani bibi yake anaishi peke yake."