Mama Sarla Hakuwa Amesahau Maneno

Sisi tuliokulia Kitale enzi zile hatukuhitaji saa. Kukipambazuka tu, Mama Sarla, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alianza kuimba, na sauti yake, nawaambia, ilipanda Mlima Elgon ikarudi kabla hajavuta pumzi. Nilikuwa naenda kuteka maji ameshika sauti moja, narudi na mtungi umejaa, bado ameishika. Ng'ombe wa Endebess waliacha kucheua.

Mama yangu alishonea nguo kwenye veranda ya duka hilo, kwa hivyo nilikulia pale, nikila mandazi yenye nyuzi za cherehani. Ndani, Mama Sarla alikaa sakafuni na tanpura yake, chombo kirefu cha nyuzi nne chenye tumbo kama boga. Alisomea kuimba kwao India miaka kumi na miwili, kwa mwalimu mmoja, akaimba kwenye kumbi zilizojaa, kisha akaolewa huku. Siku moja nikamuuliza mbona wimbo wake hauna maneno.

"Hii polepole ndiyo wimbo yenyewe," akaniambia. "Maneno itakuja tu. Wewe ngoja."

Nikiwa darasa la sita, jamaa zake wa Bungoma walimtafutia ukumbi aimbe tena mbele ya watu, mara ya kwanza tangu aolewe. Wiki nzima hakula.

"Mama Nafula, nani atakuja? Watu yangu yote imehama."

"Wachana na hiyo," mama akamjibu. "Watu nitaleta mimi."

Akaleta kweli: kwaya nzima ya akina mama wa kanisa letu, na nyingine ya Kimilili. Viti vikaisha.

Mama Sarla akafumba macho, akaanza. Dakika tano, kumi, hakuna neno. Sasa, kanisani kwetu mwimbaji akikwama hatumwachi aaibike, tunamdakia. Nikaona akina mama wakitazamana.

"Maskini, amesahau maneno," mama akanong'ona.

Mimi nilijua hajasahau. Lakini enzi zetu mtoto hakufungua mdomo mbele ya wakubwa, si kama hawa wa leo wanaokusahihisha kabla hujamaliza kukosea.

Mama akasimama, akaanzisha pambio. Makofi, vigelegele, mabati yakataka kung'oka. Mama Sarla akafungua macho, akatutazama. Kisha akailaza tanpura chini polepole, akapiga makofi pamoja nasi, akitabasamu.

"Tumemwokoa, bana," mama alisema tukirudi, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Kesho yake niliteka maji kukiwa kimya. Na kesho kutwa. Hakuimba tena, hadi akauza duka akahama.

Leo nina cheti cha shule ya jioni na simu yenye waimbaji kama yeye, wimbo mmoja saa nzima. Wajukuu wangu, ambao dakika mbili kwao ni mkesha, huniuliza mimi nyanya yao, "Kukhu, ama netiweki imekwama?" Kisha hutoka nje wakicheka, nami nabaki nikisikiliza peke yangu. Enzi zile ukumbi ulijaa na hakuna aliyemsikia. Mama alifariki akiamini tulimwokoa. Sikuwahi kumwambia.