Maji Yasiyonyweka

Juzi niliona tangazo la viwanja Bagamoyo, karibu na majumba ya kale, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu Itigi. Shangazi alikuwa ameshuka kwenye treni akinukia mafuta ya nazi, amekuja kunichukua nikaishi naye huko. Alitusimulia habari za milango ya nakshi, na bahari iliyoonekana kutoka barazani kwake.

"Ng'ombe wanakunywa humo?" bibi aliuliza.

"Hayanyweki, mama. Ni chumvi tupu."

"Sasa mnayakalia ya nini?"

"Kuyatazama tu."

Bibi alicheka hadi akaweka ungo chini. Mimi nilidhani watu wa huko wanaishi na kiu, nikajificha nyuma ya kihenge. Siku hizi naelewa kwamba mtu anaweza kuhamia mahali kwa uzuri wake tu. Jioni ile shangazi alimchukua mdogo wangu badala yangu, naye mpaka leo hajataka kurudi.