Mayai Mawili ya Geita

Dukani kwa mnunuzi wa dhahabu mjini Geita, mchimbaji aliyekuwa mbele yangu alimnong'oneza mkewe: "Mara ya kwanza kliniki walikutoa mayai kumi na manne, mimba haikushika. Jana mawili tu?"

"Ile mara sindano zilinivimbisha tumbo nikalazwa," mke akajibu. "Safari hii dawa kidogo, na nimesimama kwa miguu yangu. Tulia, baba."

Simu ikalia. Sauti ya nesi ilifika hadi nyuma ya foleni: "Yote mawili yamerutubishwa!"

Mume akapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. "Wabeja, nesi! Asante sana!"

"Bado hayajapandikizwa," mkewe akamkumbusha, machozi yakimtoka.

Hakusikia. Alishatoka mbio, dhahabu yake ikabaki kwenye mizani.

Kati ya dawa nyingi na dawa kidogo, madaktari bado wanajadili ipi bora. Ila Geita sikuwahi kuona mtu akisahau dhahabu hadi siku ile.