Sikio la Pulchérie

Pulchérie Niyonsaba alikulia Goma, na huko ndiko alikoambiwa kwamba hana sikio. Alikuwa binti mdogo, amesimama mstari wa mbele katika kwaya ya watoto, mwalimu akamwonyesha mlango: "We, sikio yako ilikufa. Enda ucheze." Aliamini. Aliporudi Rwanda na wazazi wake, akaolewa, akafungua duka la vitambaa mtaani Mbugangari, bado kanisani alichezesha midomo tu. Mimi naimba katika kwaya, na nimekaa naye benchi moja miaka mingi, lakini sikuwahi kusikia sauti yake.

Kilichombadilisha ni mama mkwe wake, Bibi Mukashyaka, waliyekuwa wakiishi naye. Kumbukumbu za bibi zilianza kupotea. Asubuhi moja alimtazama mjukuu wake Teta, binti wa Pulchérie, aliyekuja kutoka Kigali na mimba ya kwanza, akauliza, "Huyu ni mutoto wa nani?" Teta alilia. Bibi, kwa kumwona analia, akaanza kumwimbia wimbo wa kubembeleza ambao aliwaimbia watoto wote wa nyumba ile. Maneno yalikuwa yamemtoka, lakini sauti ilikwenda bila kusita.

Pulchérie aliurekodi kwa simu. Akampelekea Rugema, mwalimu wetu wa kwaya, akiomba tuujifunze kabla mtoto hajazaliwa. Rugema alisikiliza.

"Mama Teta, ni muzuri sana. Lakini mi nitoe wapi nafasi ya kuandika noti zake? Pasaka imefika. We mwenyewe andika."

"Maître, mi sina sikio."

"Nani alikwambia?"

Alipomweleza, Rugema hakucheka. Alimwambia amwite Teta kama anavyomwita kutoka uani. Pulchérie akaona haya, kisha akaita: "Te-ta!" Rugema akagusa kinanda mara mbili. "Bon. Umeimba noti ya sol, ukashuka kwa noti ya mi. Umeipiga sawasawa, na hakuna mutu alikufundisha."

Ndivyo alivyoanza. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya alikuja kanisani. Rugema alipiga noti mbili, naye alitakiwa kutaja umbali kati yazo. Mwanzoni alibahatisha, na umbali wa hatua mbili na ule wa hatua tatu ulimchanganya mpaka akatamani kuacha. "Usikimbilie jina," Rugema alimwambia. "Shika ya chini rohoni. Panda ngazi polepole, do, re, mi, mpaka ufike ya juu. Utajua umepita vidato vingapi." Basi akawa anapanda ngazi hiyo popote. Wateja walimkuta ameshika mita ya kitambaa, midomo inacheza, wakangoja. Honi ya pikipiki ikipita, alisimama kuipima na ile iliyotangulia. Mumewe Védaste alilalamika kwamba hata kengele ya mlango imegeuka mtihani.

Kufikia kiangazi, alikuwa ameandika wimbo mzima, mstari baada ya mstari, akifuta na kurudia. Rugema alitugawia sauti, na Jumapili moja baada ya misa tukaenda nyumbani kwao kumwimbia bibi.

Tulifika mstari wa pili. Bibi akainua mkono.

"Hapana. Hapo munaanguka."

Tukarudia. Akatikisa kichwa tena, sasa amekasirika. Baadhi yetu tulitazamana. Tulidhani ni ugonjwa. Pulchérie hakudhani hivyo. Alipiga magoti mbele yake. "Mama, niimbie hapo tu." Bibi akaimba. Pulchérie akafumba macho, na niliona midomo yake ikipanda: do, re, mi, fa, sol. Ikasita. Ikaongeza kidato kimoja.

"Ni la," akasema. "Mi niliandika sol. Sauti yake inapagusa haraka na kushuka, nikafikiri ameishia chini. Ni kosa langu. Mama iko sawa."

Alituimbia mruko ule, kutoka do mpaka la, peke yake, kwa sauti kamili, mbele ya kwaya nzima. Ilikuwa sauti nene, tulivu, isiyo na woga. Nilikuwa na haya kwamba nimekaa kando yake miaka yote hiyo bila kujua. Tukaimba upya, na tulipofika hapo bibi hakuinua mkono. Aliingia pamoja nasi, akaenda mpaka mwisho, na mkono wake mmoja ukipigapiga goti kama mgongo wa mtoto.

Mtoto wa Teta alizaliwa salama, wa kike, na tulimwimbia siku ya kumpa jina. Bibi angali hai; siku nyingine anamjua Pulchérie, siku nyingine hamjui. Na Pulchérie sasa anapanda basi kwenda Rubona kila wiki, kwa mama mmoja mzee mwenye nyimbo za arusi. Juzi alirudi hajaandika kitu, kwa sababu wimbo wa kwanza unaanza kwa mruko ambao bado hajaukamata.

"Nitarudi Alhamisi," aliniambia. "Nitamuomba airudilie tu pale mwanzo."